Nimeombwa niache kazi ya teknolojia nikaongoze taasisi ya hisani, na nyumbani hatuelewani

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamke wa miaka 44, nina mume na watoto wawili, makazi yangu ni Dodoma. Naomba jina langu lisitajwe, maana wote nitakaowagusa humu ni watu ninaowaheshimu.

Niliingia kwenye teknolojia miaka ile huduma za fedha kwa simu zilipokuwa changa hapa nchini. Nilianza kwa kuandika programu, nikapanda, na sasa ni mkurugenzi wa teknolojia kwenye kampuni inayotengeneza mifumo ya malipo. Mfumo ukisimama saa nane usiku, simu yangu ndiyo inayolia ya kwanza. Ofisi iko Dar es Salaam. Serikali ilipohamia Dodoma mume wangu, ambaye ni mtumishi wa wizara, naye akahamishiwa huku, tukajenga Ilazo kwa mkopo wa benki. Tangu treni ya SGR ianze mwaka 2024 nimepata nafuu: Jumatatu alfajiri naondoka, Ijumaa jioni niko nyumbani. Mkubwa yuko kidato cha tatu, mdogo darasa la sita.

Sasa lililonileta. Huku kwetu kuna taasisi ya hisani iliyoanzishwa na muuguzi mstaafu pamoja na marehemu mumewe. Inafanya kazi vijijini Bahi na Chamwino. Inachimba visima vya pampu za mkono na kujenga hosteli za wasichana wa sekondari wanaotoka mbali na shule. Kwa muda mrefu nimekuwa nikiwasaidia kwa kujitolea, hasa kuwapangia kumbukumbu zao kwenye kompyuta. Mwezi uliopita yule mama, ambaye wote tunamwita Bibi, aliniita kwake. Alinipikia ugali wa uwele na mlenda, tukala, akanawa, ndipo akasema, "Mimi nimechoka, mwanangu. Bodi imeshakubali. Njoo ushike."

Sikuweza kumjibu, na tangu siku hiyo silali vizuri.

Moyo wangu unavutwa huko, na nitakueleza kwa nini. Oktoba tulikwenda kijiji kimoja cha Bahi na wageni wa mfadhili. Akina mama walitupokea kwa ngoma ya muheme, mwenyekiti wa kijiji akasoma risala ya kuishukuru taasisi kwa kisima. Baada ya kupiga picha nilizunguka nyuma ya zahanati nikakikuta kisima chenyewe. Mpini umefungwa kwa mnyororo na kufuli, na kufuli limeshika kutu. Ng'ambo ya barabara, kwenye korongo, wanawake wamechimba mchanga mpaka kiunoni. Mmoja yuko ndani ya shimo anachota kwa kikombe cha plastiki, anasubiri maji yajikusanye, anachota tena, mpaka ndoo ijae. Kwenye ripoti yetu kisima hicho kimeandikwa "kinafanya kazi".

Shangazi, mifumo ndiyo kazi yangu. Nilisimama pale nikaliona suluhisho zima kichwani: kila pampu ifungwe kifaa cha kutuma ishara ikiharibika, fundi apate ujumbe kwenye simu, mfadhili aone kila kitu kwenye ramani. Tatizo la taasisi ile ni taarifa, na taarifa ndicho kitu ninachokijua kuliko vyote. Niliona kana kwamba miaka yote hii nilikuwa naandaliwa kwa kazi hii.

Lakini mambo ni mengi. Mshahara watakaonipa ni kama theluthi ya ninaopata sasa. Mkataba ni wa miaka miwili na unategemea mfadhili mmoja wa nje. Mkopo wa nyumba umebaki miaka sita. Mdogo wangu yuko UDOM na ada yake naibeba mimi, matibabu ya mama pia ni juu yangu. Mume wangu hajakataa moja kwa moja. Anasema tu, "Umechoka, chukua likizo, hili litapita." Nikiendelea kuzungumza anafungua taarifa ya habari. Mama yangu mzazi aliponisikia alishika kichwa: "Nilikusomesha ili ukaombe hela za wazungu?" Ndugu zangu wa Bahi wao wamefurahi kupita kiasi. Wameanza kupiga simu kuulizia kisima cha kwao.

Kwenye taasisi yenyewe kuna kaka mmoja, mratibu wa miradi, yuko pale miaka 14. Kila mtu alijua yeye ndiye atakayerithi. Tangu habari zivuje ananiita "Mkurugenzi" huku haniangalii usoni. Na Bibi amesema atabaki mjumbe wa bodi, na ofisi yake itabaki ilipo, "nikusaidie saidia".

Kazini kwangu bado hawajui. Mwaka huu wawekezaji walitaka tupunguze watu, na mimi ndiye niliyewasomea majina vijana niliowafundisha kazi mwenyewe. Lakini hilo limeshapita.

Rafiki zangu wa Dar wanasema nitapotea, baada ya miaka miwili hakuna kampuni itakayonikumbuka. Na mimi naogopa nikikataa nitazeeka nikiwa na fedha na majuto. Nifanye nini, Shangazi?

Msomaji wa Ilazo, Dodoma

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja. Nikikuelewa vizuri, unapima mambo mawili: upande huu mshahara, mkopo na amani ya nyumbani, upande ule wito. Unaogopa kwamba ukichagua la kwanza utajuta, ukichagua la pili utaumiza watu. Mzigo huo ni wa kweli na sitajifanya nina mizani ya kuumaliza. Ila kuna maneno umeyaandika kana kwamba hayana mjadala, na hayo ndiyo ningependa tuyatazame kwanza.

Tuanze na kisima. Umesema tatizo la taasisi ni taarifa. Mimi nimerudia tena maelezo yako. Kijiji kizima kilijua pampu imekufa. Aliyefunga kufuli alijua. Yule mama aliyekuwa ndani ya shimo alijua kuliko wote. Mwenyekiti aliyesoma risala naye alijua, lakini akashukuru kwa kisima kisichotoa maji, mbele yako na mbele ya mfadhili. Taarifa ilikuwepo, mwanangu. Kilichokosekana ni mtu wa kuisema na mtu wa kuipokea. Kifaa chako kitatuma ishara kwamba mpini haujachezwa siku tatu. Hakitakwambia kwa nini wale watu waliona ni salama zaidi kukushukuru kuliko kukulalamikia. Huenda waliogopa mkisikia malalamiko mtahamia kijiji kingine, au mtu alichanga fedha za spea zikaliwa. Au pengine ni adabu tu ya kumpokea mgeni. Sijui, na wewe bado hujui.

Nalisisitiza hili kwa sababu hapo ndipo kazi yako ya sasa inapoachana kabisa na hiyo unayoitiwa. Kwenye mifumo ya malipo mteja asiporidhika anahama. Muamala ukigoma mara mbili, mwenye duka pale Majengo anatumia mtandao mwingine, na kesho yake unaona kwenye takwimu kwamba umekosea. Kwa miaka yote umefundishwa kazi na watu wanaoweza kukuacha. Anayepokea msaada hana pa kuhamia. Atakuambia asante ukifanya vizuri na atakuambia asante ukiharibu. Mkurugenzi wa taasisi anaweza kukosea miaka kumi huku akipokewa kwa ngoma kila anakokwenda. Mtu hodari, anayejiamini na mwenye majibu tayari, ndiye aliye kwenye hatari kubwa zaidi hapo, maana hakuna kinachomkwaza.

Wapo waliopita njia hii kabla yako, kwa ukubwa unaotisha. Patty Stonesifer alikuwa kiongozi wa juu Microsoft, akaja kuiongoza taasisi ya hisani ya Bill Gates, mwanzilishi wa Microsoft, katika miaka yake ya mwanzo. Mwaka 2008 nafasi yake ikachukuliwa na Jeff Raikes, naye aliyetoka Microsoft baada ya miaka 27. Mwaka 2010 Raikes alitangaza hadharani matokeo ya uchunguzi uliofanywa na kituo cha nje, ambacho kiliyauliza mashirika yanayopewa fedha na taasisi yake yanaionaje. Kwenye mambo mengi waliipa alama za chini kuliko zile ambazo taasisi nyingine hupewa na wanaofadhiliwa nazo. Walisema maamuzi yake hayaeleweki yanafikiwaje, na mawasiliano yake hayatabiriki. Hayo yalikuwa mashirika yenye ofisi na wasomi, na bado ilibidi aulize mtu wa nje, kwa siri, ndipo wakafunguka. Sasa fikiria mama wa korongoni Bahi. Ninachompongezea Raikes ni kwamba aliomba aambiwe, kisha hakuyaficha.

Usijilinganishe nao kwa kila kitu. Stonesifer aliifanya kazi ile bila kuchukua mshahara, na mtu aliyetoka uongozi wa juu wa Microsoft anaweza kumudu hilo. Wewe una mkopo wa benki. Nao walikalia mfuko wa mabilioni ya dola, walikuwa wakigawa. Wewe utakuwa unaomba. Taasisi nyingi zetu hazina mtaji uliowekwa mahali ukazaa. Zinaishi kwa maombi ya ufadhili, mwaka hadi mwaka. Sehemu kubwa ya siku zako itakuwa kuandika maandiko ya miradi, kujibu maswali ya wafadhili, kufuatilia risiti za mafuta ya gari, kupeleka ripoti ya mwaka na hesabu zilizokaguliwa kwa Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, na kuhakikisha makato ya TRA na NSSF yanakwenda kwa wakati. Kisimani utafika mara chache. Je, kazi hiyo, kama nilivyoieleza, bado unaitaka? Jibu lolote ni halali.

Na huyo mfadhili mmoja ananitia wasiwasi kuliko mshahara wenyewe. Tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani alisaini amri ya kusimamisha misaada ya maendeleo ya nje kwa siku 90. Hapa kwetu kuna watu wenye shahada na uzoefu, wenye mikataba mirefu kuliko huo wako, waliojikuta nyumbani kabla hata hawajaelewa kilichotokea. Sisemi mfadhili wa taasisi yenu atafanya hivyo. Nasema kabla ya kumjibu Bibi, muombe mhasibu akuonyeshe mkataba wa ufadhili na hesabu za miaka mitatu iliyopita. Wafanyakazi wanalipwa kwa fedha ipi? Mradi ukifungwa, kuna akiba ya miezi mingapi? Kama kuna deni la NSSF au kodi, ni la lini? Ukiingia tu, hayo yatakuwa yako, na utakayekuwa ukisaini ni wewe. Mhasibu akisita kukuonyesha, umeshapata sehemu ya jibu.

Tuje kwa Bibi. Namheshimu mno mwanamke aliyeuguza watu maisha yake yote, kisha akatumia uzee wake kuchimbia wengine visima. Lakini "nikusaidie saidia" inaweza kuwa baraka na inaweza kuwa kamba mguuni. Mwenye taasisi akibaki na ofisi yake ileile, wafanyakazi wataendelea kupitia mlango wake. Utaamua asubuhi, jioni litakuwa limebadilishwa kwa upendo kabisa. Mimi nisingemwomba aondoke, hiyo itakuwa kumvunjia heshima. Ningeiomba bodi iandike kwenye barua ya uteuzi nani anaajiri na kuachisha, nani anasaini hundi, nani anazungumza na wafadhili, na Bibi atakuwa na nafasi gani yenye heshima yake. Muombe mwenyekiti wa bodi alisimamie hilo, usiende kulijadili na Bibi peke yako juu ya sahani ya mlenda. Ukisikia "kwani sisi tunaandikiana?", chukua muda zaidi.

Kuhusu yule kaka mratibu, umemtaja kama kikwazo. Mtu aliyekaa vijijini miaka 14 anajua kufuli lile lilifungwa lini na nani. Tena inawezekana ndiye aliyeandika "kinafanya kazi". Hapo kuna maswali mawili mazito. Je, aliandika hivyo kwa uvivu, au kwa sababu ripoti ya kisima kibovu ingewakosesha fedha za awamu inayofuata? Na je, bodi imemwambia kwa mdomo wake kwa nini haikumchagua? Kama hakuna aliyemwambia, wewe utalipia kimya chao. Kabla hujakubali au kukataa, kaa naye. Usimpe ahadi, msikilize tu. Inaweza kutokea ukagundua yeye ndiye anayefaa kuongoza na wewe ndiye unayefaa kukaa kwenye bodi. Usilione hilo kama kushindwa.

Sasa niguse sentensi mbili ulizoandika haraka ukapita: kuhusu vijana uliowasomea majina. Umesema limeshapita. Mwanangu, mtu hatumii barua ndefu kueleza uchovu wake halafu akaficha hilo mwishoni kama si kidonda. Wale ulikuwa umewalea kikazi. Huenda baada ya siku ile kampuni iligeuka machoni pako, na kisima cha Bahi kikatokea kikiwa kisafi, mahali ambapo hutalazimika kumuumiza mtu. Kama ni hivyo, nakuonya kwa upole: taasisi nazo hupunguza watu, tena watu wenye mishahara midogo, na mkurugenzi ndiye husoma majina. Sisemi wito wako ni wa uongo. Mtu anaweza kuwa anakimbia jambo na wakati huohuo anaelekea kwenye jambo jema. Ila utenganishe mawili hayo, maana moja linatibika kwa kupumzika na kuzungumza na mtu, lingine halitibiki hivyo.

Ndiyo maana sitaki umdharau mumeo anaposema umechoka. Pengine ameona kitu. Pengine pia anaogopa kitu ambacho hajakitaja, na taarifa ya habari ndiyo njia yake ya kukikwepa. Tazama yatakayobadilika. Kwa sasa nadhani kipato chako ni kikubwa kuliko chake, kesho chake kitakuwa ndicho kinachobeba nyumba. Wapo wanaume ambao hilo litawafurahisha, na wapo litakaowanyima usingizi kwa hofu ya kutotosheleza. Tena kwa miaka kadhaa nyumba hiyo imezoea kuendeshwa bila wewe kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Anajua nani anamchukua mtoto, dada wa kazi anapika nini, yule wa kidato cha tatu anadanganya wapi. Ukirudi siku saba kwa wiki, utamkuta mtu mwenye utaratibu wake. Umewahi kumuuliza anaonaje hilo? Usianze na habari ya taasisi. Muulize anaogopa nini, kisha umwache amalize.

Na fedha zizungumzwe kwa karatasi. Kaeni wote wawili, andikeni mkopo, ada ya mdogo wako, dawa za mama, shule. Nendeni benki mkaulize kama marejesho yanaweza kurefushwa na yataongezeka kwa kiasi gani. Uliza NSSF, kwa miaka uliyofanya kazi bila shaka umeshavuka miezi 180 ya michango, lakini mshahara ukishuka waombe wakukokotolee pensheni yako itaathirikaje. Uliza taasisi ina bima ya afya ya aina gani, maana mama yako huenda yuko kwenye bima ya kampuni yako ya sasa. Na mdogo wako wa UDOM aambiwe mapema. Ni mtu mzima, anaweza kuwa na mawazo ambayo hujayafikiria, na ni vibaya agundue siku ya kulipa ada.

Mama yako nilimsikia vizuri sana. Kizazi chake kilimuona mtoto wa kike akisoma kama ng'ombe aliyeuzwa ili nyumba ipande daraja. Anapokusikia unashuka mshahara, anaona ng'ombe yule amepotea. Hutamshinda kwa hoja. Lakini nyuma ya maneno yake kuna jambo la kweli: kijijini kwenu hakuna atakayeamini kwamba fedha za taasisi si zako. Hizo simu za ndugu kuhusu kisima cha kwao ni mwanzo tu. Watakaofuata ni binamu wanaotaka udereva, shemeji mwenye kampuni ya kuchimba, diwani anayefahamiana na mjomba. Utaratibu wa kuchagua vijiji uwepo kwa maandishi kabla hujaingia, na uamuzi wa eneo la kwenu usiwe mikononi mwako hata kidogo. Kwetu kumnyima ndugu kunauma kuliko kunyimwa. Jipime kama unaweza kulibeba hilo kwenye misiba na harusi za ukoo.

Njia za katikati zipo, ingawa kila moja ina gharama yake. Unaweza kuingia bodi kwanza, ukabaki kazini. Utajifunza taasisi kutoka ndani bila kuhatarisha nyumba, lakini Bibi amechoka sasa, na nafasi haitakusubiri, na bodi ya watu wenye kazi nyingine mara nyingi huishia kusaini. Unaweza kuomba likizo bila malipo ya miezi michache ukakaimu. Hiyo itakuonyesha kazi halisi, ila mwajiri wako atajua moyo umehama, na wafanyakazi wa taasisi watakutazama kama mpita njia. Unaweza kupendekeza mratibu aongoze na wewe usaidie kwa mkataba wa siku chache kwa mwezi kwenye mifumo, jambo ambalo litakulinda kipato lakini halitagusa ile hamu ya kushika usukani. Au ukaingia moja kwa moja kwa miaka miwili, mkiwa mmekubaliana na mumeo kiasi gani cha akiba kisiguswe na ni lini mtakaa kutathmini. Rafiki zako wanaosema utapotea wanazungumza kwa hofu yao. Stonesifer, baada ya kuongoza taasisi tajiri namna ile, mwaka 2013 alikwenda kuongoza shirika la mtaani jijini Washington linaloshughulika na chakula na watoto, na miaka kumi baadaye gazeti la Washington Post likamwita aliongoze kwa muda. Yeye ni yeye, na milango yake si yetu. Lakini mtu anayejua mifumo na anayejua vijiji vya Dodoma ni nadra, na sioni kwa nini ujuzi huo uoze kwa miaka miwili.

Jambo moja ningelifanya kabla ya yote hayo ni kurudi kile kijiji. Usiende na gari la taasisi wala fulana yake, na asiwepo mgeni wala mwenyekiti wa kukupokea. Nenda na mwanamke mwenzako anayeongea Kigogo kwa ufasaha kama chako kimechakaa, msalimie yule mama, shika ndoo, na ukae hapo korongoni mpaka aache kukuona mgeni. Uulize pampu ilikufa vipi, nani anatunza fedha za matengenezo, kama kisima kilikabidhiwa kwa chombo cha watumia maji cha kijiji au kilibaki cha taasisi, na kama RUWASA, wakala wa maji vijijini, pale wilayani wanajua kipo. Halafu muulize swali gumu: kama wangekuwa na fedha zile za kisima mkononi mwao, wangezifanyia nini? Linganisha majibu yake na ule mfumo uliouona kichwani Oktoba. Ukiona bado unahitajika, vizuri. Ukiona kinachohitajika ni fundi mmoja wa pale kijijini mwenye spana na sanduku la spea, na mtu wa kumlipa kwa wakati, nako ni vizuri, na hapo utajiuliza kama kazi ya kumsimamia fundi huyo miaka nenda rudi inakuvutia vilevile.

Muombe Bibi akupe muda mpaka mvua ziishe. Kama amesubiri miaka yote hii kumpata wa kumwachia, miezi michache hatakunyima, na akikunyima utajua haraka hiyo inatoka wapi. Kazini usiseme kitu bado. Ukishakaa na mumeo, na ukishaziona hesabu, niandikie tena unieleze mmefikia wapi.

Shangazi